Paka wa Nkambo: historia fupi ya kucheka, kutoka Mwadingusha

Hapa kwenye ukurasa wetu wengi wanaandikaka juu ya kazi, juu ya bursa, juu ya rafiki aliyefika Canada. Mimi leo nitaandika juu ya paka. Msikimbie. Mimi ni mtu wa agronomi, lisansi yangu inaning'inia ukutani nyumbani Mwadingusha, ndani ya plastiki ili panya asiile. Mumkumbuke huyo panya, atarudi.

Jioni moja nilikaa kwenye baraza na Nkambo, mama ya mama yangu. Yeye alikuwa anachambua ndagala, mimi nilikuwa ninacheka peke yangu na telefone. Akaniangalia kama vile unaangalia mtu mwenye malaria.

— Hii kintu njo inakuchekeshaka vile?

Nikamwonyesha. Paka anaruka kutoka juu ya kabati, anakosa kiti, anaanguka ndani ya beseni la maji. Nkambo akaitazama mara mbili. Hakucheka.

— Na kisha?

— Kisha njo ile tu, Nkambo.

— Sisi tulikuwaka na Mufwankolo, akasema. Mufwankolo kama anaanguka, unajuaka juu ya nini ameanguka.

Akarudi kwenye ndagala zake. Mimi nikajibu kwa cheko la mtoto wa masomo, lile la kusema wazee hawaelewi intaneti. Ilinibidi ningoje miezi mitatu na kupata aibu moja kubwa ili nielewe alichosema. Lakini tuanze mbali, maana hii ni insha ya historia.

Paka hakuletwa nyumbani na mtu. Alikuja mwenyewe, akifuata panya, na panya alifuata nafaka. Kwa hiyo historia ya paka ni sura ya agronomi, ingawa hakuna profesa aliyenifundisha. Watu walipoanza kulima na kuweka mavuno ghalani, panya waliona karamu, na paka wa porini, yule ambaye wataalamu wanamwita Felis lybica, aliona karamu juu ya karamu. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba kule Kipro, kisiwa cha bahari ya Mediterania, walikuta paka amezikwa karibu na mtu katika kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Kipro hakikuwa na paka wa porini wa asili. Ina maana mtu mmoja alimpandisha paka kwenye mtumbwi na kuvuka naye bahari. Mimi nimewahi kumbeba paka ndani ya teksi kutoka Likasi, na mikono yangu ina alama mpaka leo. Huyo mtu wa Kipro ninamheshimu sana.

Wamisri wa zamani walimwita paka “miu”. Ndugu zetu wa Kilingala wanasema “niawu”. Hawakuandikiana barua. Paka alijitaja mwenyewe, kila mtu akaandika alivyosikia.

Na video za paka je? Mnafikiri zilianza na YouTube? Mwaka 1894, kwenye studio ya Thomas Edison kule Marekani, walipiga filamu fupi ya paka wawili wamevalishwa glavu wanapigana ndondi. Sinema yenyewe ilikuwa bado mtoto mchanga, na tayari paka alikuwa ndani. Yule paka anayepiga piano, ambaye wengi wenu mmemtumia kumcheka mtu aliyeshindwa, alipigwa picha mwaka 1984. Jina lake lilikuwa Fatso. Mwenyewe aliiweka video kwenye intaneti mwaka 2007, wakati Fatso alikwisha kufa zamani. Tumecheka na marehemu bila kujua. YouTube yenyewe ilipoanza mwaka 2005, mmoja wa waanzilishi wake, Steve Chen, aliweka mapema kabisa video ya paka wake.

Kwetu Waswahili pia paka ana vyeo vyake. Kule Lamu, Kenya, mji wa zamani umejaa paka wembamba wenye shingo ndefu, wageni wanatoka mbali kuwapiga picha. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani hiyo hiyo, Wagiriama walikuwa wanamjua paka mwenye madoa kama gome la mti, wanamwita khadzonzo. Mwaka 1978 mama mmoja Mzungu, Jeni Slater, aliokota watoto wa paka hao, na leo kuna aina ya paka inayotambuliwa duniani kwa jina Sokoke. Paka wa msituni wa Wagiriama sasa ana karatasi za ukoo kule Ulaya. Sisi wengine bado tunatafuta viza.

Halafu mwaka 2012 watafiti wa Google waliunganisha prosesa 16,000 za kompyuta, wakazionyesha picha nyingi kutoka video za YouTube, bila kuambia mashine chochote. Mashine ikajifunza peke yake kutambua uso wa paka. Kumbukeni hii pia. Mashine, bila kufundishwa, ilijua kwamba paka ni paka.

Sasa turudi Katanga, maana Nkambo alisema kitu.

Watu wanaona kama kicheko chetu kilianza na telefone. Hapana. Chukueni Likasi, mji wetu, wakati ulikuwa bado unaitwa Jadotville. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta pale kijana wa Bunkeya mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco. Akarekodi “Masanga”. Wimbo ule ulitoka Likasi ukafika Nairobi na mbali zaidi, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza vidole vya Bosco kwa kusikiliza sahani. Leo tungesema wimbo ulivuma. Lakini muangalie kitu kimoja: ulisafiri na jina la mwenyewe. Kila mahali ulipofika walijua ni wa Bosco.

Chukueni na vita. Mwezi wa tisa 1961 askari Wairlandi wa Umoja wa Mataifa, zaidi kidogo ya 150, walizungukwa Jadotville siku kadhaa. Msaada uliotoka upande wa Élisabethville ulikwama kwenye daraja la Lufira, mto wetu huu huu. Katika ujumbe wao wa redio walisema watapigana mpaka risasi ya mwisho, halafu wakaongeza kwamba wangefurahi kupata whisky kidogo. Mwaka 2016 filamu ilitoka juu yao. Waliipigia Afrika Kusini, kwa hiyo Likasi ya kwenye filamu si Likasi. Mimi niliitazama nikitafuta mti hata mmoja ninaoujua. Lakini ule mzaha wa whisky ni wa kweli, na tunajua nani aliusema, wapi, na mbele ya hatari gani. Ndiyo maana bado unachekesha.

Chukueni na picha. Miaka ya 1970, kabla ya sisi kuzaliwa, nyumba nyingi za wafanyakazi Katanga zilikuwa na picha zilizochorwa kwenye kitambaa cha mifuko ya unga. Mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki. “Colonie belge”, mfungwa anachapwa kiboko mbele ya wote. Wachoraji walikuwa wanarudia picha moja mara nyingi, kila mmoja anabadilisha kidogo. Si ndivyo tunavyofanya na picha za kuchekesha leo? Ilikuwa meme, tofauti ni kwamba ilinuka rangi. Lakini picha ile ilikuwa sebuleni kwa mtu. Mgeni akiingia anauliza, mwenye nyumba anaeleza, masolo yanaanza. Watu waliita kazi hiyo ukumbusho. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alifika mbali zaidi: mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, picha kama mia moja, na alizieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya mtafiti Johannes Fabian, ambaye baadaye alizitoa kwenye kitabu. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyemwona tena. Maelezo yake tunayo, kwa sababu picha na maneno vilikaa pamoja.

Na Mufwankolo. Kundi lake la mchezo lilianza Élisabethville miaka ya 1950, likapita redioni, halafu kwenye televisheni ya Lubumbashi, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, siyo cha kitabu. Ulevi, mahari, mke wa pili, chefu anayekula peke yake. Mwaka 1986 Fabian aliwauliza juu ya methali moja, kwamba madaraka huliwa mzima, na kundi likatengeneza mchezo mzima kutoka swali hilo. Watu walicheka, lakini walijua ni mchezo. Walimjua Mufwankolo. Wangeweza kumkuta barabarani na kumwambia, “Jana ulizidisha.”

Sasa aibu yangu.

Nkambo alikuwa na paka mweusi. Hakuwa na jina, Nkambo alimwita “wewe”. Kazi yake ilikuwa moja: chumba cha nyuma, tunapoweka mahindi. Mwaka jana mwezi wa kumi, paka alilala kwenye kiti cha Nkambo. Mimi nikachukua kitambaa cha kichwa cha Nkambo nikamfunga, nikamwekea na miwani yake. Alikubali, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya joto. Nikapiga picha. Nikaandika chini: “Nkambo usiku, kisha kubadilika.” Nikatuma kwenye kundi la familia.

Watu walicheka. Binamu yangu wa Likasi alicheka mpaka akaituma kwenye kundi lake la kartie. Huko hawamjui Nkambo. Hawajui kiti, hawajui miwani, hawajui kwamba mimi ni mjinga wa familia. Mtu akafuta maneno yangu akaweka mengine. Picha iliponirudia siku ya nne, kutoka kwa mtu nisiyemjua, ilikuwa na maandishi haya: mwanamke muzee wa Mwadingusha amekamatwa anageuka paka, tuma kwa watu kumi.

Mniamini, hata hapo nilicheka. Nikaituma kwa rafiki wawili.

Jumapili asubuhi tulimkuta paka kando ya njia inayoshuka ziwani. Alipigwa mawe. Sitaandika zaidi. Nkambo alimfunika na gunia, akasema atamzika mwenyewe, akanikataza kumsaidia.

Yeye hawakumgusa, Mungu asaidiwe. Lakini kwenye bomba la maji wanawake walianza kusogea akifika. Samaki zake za kukausha, zilizokuwa zinaisha kabla ya saa nne, zilirudi nyumbani kwenye beseni siku baada ya siku. Watoto walipita wakilia “nyau, nyau” na kukimbia. Ninyi mnajua kwetu neno muloji lina uzito gani, mnajua ni bazee gani na watoto gani wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Mashine ya Google ilitambua paka bila kufundishwa. Sisi, na shule zetu, tulitazama paka tukaona mtu.

Panya sasa. Tulikuwa na gunia la kilo 50 za mahindi ya mbegu, mbegu nilizochagua mimi mwenyewe kwenye mavuno, gunzi kwa gunzi, kwa elimu yangu yote. Huku tunapanda mvua ikishika, mwezi wa kumi na moja. Nilipofungua gunia, kwa juu lilionekana zima. Nikashika punje mkononi. Panya anapenda kiini, ile sehemu laini ambamo mmea mchanga unalala, ndiyo yenye mafuta. Anatoboa pale, anakula kiini, anaacha unga mweupe. Punje inabaki na umbo lake, unaweza kuisaga, unaweza kupika bukari. Lakini ukiipanda haitaota. Nilihesabu punje mia moja kama nilivyofundishwa. Sitini na tatu hazikuwa na kiini. Wiki tatu tu bila paka.

Nilikaa juu ya gunia nikajua lazima niseme. Nilikuwa sijamwambia. Nkambo hana WhatsApp, alijua tu kwamba kuna picha.

— Nkambo, ile picha ni mimi nilipiga. Na maneno ya kwanza ni mimi niliandika.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea:

— Uliandika nini?

Nikamsomea. “Nkambo usiku, kisha kubadilika.” Na mnajua alifanya nini? Alicheka. Kidogo, kwa pua, lakini alicheka.

— Hii ni mzuri, akasema. Kwa nyumba, hii ni mzuri. Sasa juu ya nini uliitoa ku nyumba?

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu zuri.

Siku ile ile nilikwenda kwa chefu wa kartie na telefone yangu. Nilikuwa bado na picha zote za siku ile, kumi na mbili: paka bila kitambaa, paka na kitambaa nusu, mkono wangu ukimfunga, Nkambo mwenyewe nyuma akipepeta unga. Tarehe na saa ziko pale. Chefu alitazama zote kumi na mbili bila kusema kitu. Halafu akaniagiza nizionyeshe kwenye mkutano wa kartie, mbele ya watu, na nieleze kwa mdomo wangu. Nilieleza. Nilisimama kama Tshibumba, picha moja moja, lakini bila heshima ya Tshibumba. Mama mmoja alisema, “Kumbe njo hii tu?” Watu wengine walicheka. Wengine hawakucheka, waliondoka, na wawili katika hao mpaka leo hawanunui samaki kwa Nkambo. Picha ya maandishi mabaya iko bado inazunguka mahali fulani. Maelezo yangu hayakuzunguka, hakuna mtu anayetuma maelezo kwa watu kumi.

Hapo nikaelewa sentensi ya Nkambo juu ya Mufwankolo. Nilikuwa nimefikiri anasema mzaha wa zamani ulikuwa mzuri kuliko wa leo. Hakusema hivyo. Mzaha wa zamani nao ulikuwa mkali, Mufwankolo hakumhurumia mtu. Lakini Bosco alikwenda na wimbo wake, mchoraji alisimama karibu na picha yake, Mufwankolo alianguka mwenyewe kwa mwili wake mbele ya watu wanaomjua. Mzaha wangu ulitoka nyumbani peke yake, bila mimi, na njiani kila mtu aliuvalisha nguo nyingine.

Baraji yetu hapa ilijengwa kwenye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet, na santrali ikaanza kutoa umeme mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mwaka 2021 mashine zake sita zilimaliza kutengenezwa upya. Ziwa Tshangalele lote, pamoja na samaki wa Nkambo, linatokana na baraji hiyo: maji yalizuiwa, yakasambaa juu ya mashamba na njia ambazo bazee walizijua. Mtu aliyekulia hapa anajua kwamba maji yakishatoka hayarudi juu. Ningekumbuka hilo kabla ya kubonyeza.

Sisemi tuache kucheka. Nitakuwa mnafiki, jana tu nimetazama mbuzi anayepiga kelele kama mtu. Ninaomba vitu viwili kwa wenzangu wa masomo. Cha kwanza: picha ya mtu wa nyumbani ibaki nyumbani, hasa kama mtu huyo ni muzee, na hasa kama chini yake umeandika neno ambalo kwetu linaweza kuvunja nyumba. Cha pili: mwenye nkambo, achukue telefone hiyo hiyo amrekodi. Mimi nimeanza. Nina dakika arobaini za Nkambo akieleza vipindi vya Mufwankolo alivyosikia redioni akiwa binti, na anaigiza sauti zote, mlevi, mke, chefu. Nimeandika jina lake mwanzoni, na mahali, na tarehe. Akisema niitoe, nitaitoa. Kwa sasa anasema hapana, bado hajamaliza.

Mbegu nilikopa kwa jirani, tumepanda, zimeota. Na Nkambo ana paka mpya. Nilimleta mwenyewe kutoka Likasi ndani ya katoni, ndiyo zile alama za mikononi. Safari hii ni mwekundu, Nkambo alisisitiza rangi. Tayari ana jina. Anaitwa Mufwankolo, maana siku ya kwanza aliruka kutoka juu ya gunia, akakosa kiti, akaanguka ndani ya beseni la ndagala.

Nkambo alicheka mpaka akatoa machozi. Sikupiga picha.